Fundi Kufuli

Alhamisi, Dundee, mvua ya Februari inakwaruza kioo
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Jikoni kwetu, ghorofa ya tatu, Thurea kawasha taa zote,
kaondoa kikapu cha vitunguu, katandaza ramani
ya nchi isiyokuwapo.
Eilidh kaleta biskuti. Fergus kaleta dadu
za nyuso ishirini, kijani, kama peremende za mzimu.

Walipungukiwa mtu wa nne.
Mtu wa nne ni mimi, nimetoka zamu ya kiwanda cha mikate,
unga bado masikioni.

Mnyama nilimchagua kwa bahati mbaya.
Niligusa picha nikidhani ni fisi,
maana kwetu anayegeuka usiku hugeuka fisi.
Kitabuni mwao fisi hamna.
Nikapewa mbwamwitu, ambaye simjui hata kwa harufu.

"Sasa fani yake," akasema Fergus, mpole kama karani wa benki.
"Mwezi mpevu ni usiku mmoja. Siku zilizobaki
huyu bwana anafanya kazi gani?"

"Mpe ghadhabu, Baba! Mpiganaji wa shoka!
Mnyama ana hasira, mtu ana hasira, zinajumlishwa.
Hapa hasira si hasara, ni pointi."

"Au malenga," akasema Eilidh, "sauti anayo,"
akabweka kuonyesha,
na jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Nikafunua kurasa kwa kidole chenye unga.
Mganga wa msitu hugeuka mnyama apendapo:
kwake kugeuka ni vazi, si deni.
Askari wa kiapo nikampita haraka.
Mimi nimeshaapa mara tatu,
mbele ya mama yake Thurea, mbele ya msahafu,
mbele ya kioo cha bafuni.

Nikakumbuka usiku ule nilioshuka ngazi bila viatu,
nikajifungia ndani ya gari, hapo chini mtaani,
ili sahani ya pili isivunjike.
Ya kwanza ilikuwa imeshavunjika.
Nilikaa mpaka shakwe wakaanza kelele.
Juu, dirishani, pazia lilitikisika mara moja.
Sikuuliza.

"Mwizi," nikasema.

Wakacheka. Mwizi wa nini, na meno yote hayo?

"Si wa kuiba. Wa kufuli."
Nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha kuchechemea:
anaitwa Makame. Kila mwezi ukikaribia kujaa
hushuka chini ya nyumba, hujifungia kwa kufuli tatu,
funguo huzirusha nje kupitia kitundu cha hewa,
akabaki na sindano moja, kaichomeka ufani mwa ukuta.
Mnyama aione, ainuse, auke wazimu.
Kucha haziwezi kushika sindano.
Alfajiri vidole vikirudi, vyote kumi, vikitetemeka,
hivyo ndivyo vinavyofungua.

Fergus akaandika, akafuta, akaandika.
"Wepesi wa vidole, kumi na sita. Na nguvu?"
"Weka yoyote. Nguvu haijawahi kumpungukia."

Basi mchezo ukaanzia hapo, chini ya nyumba, kumekucha.
Nikatupa dadu. Ikagonga kikombe cha chai,
ikazunguka, ikatulia kwenye nne.
"Haifunguki," akasema Fergus, kwa huruma ya kweli.
"Uko ndani bado."

Thurea hakunitazama.
Alichukua kisanamu chake, mtawa wa bati aliyebanduka rangi bega,
akamsogeza mraba kwa mraba,
akamweka pale penye mstari wa penseli, ndio mlango.
"Nakaa hapa nje," akasema, kwa Kiswahili,
ambacho mbele ya wenzake huwa hakitumii.
"Nimezoea."

Eilidh akauliza kasema nini.
Dadu nyingine ilikuwa imeanguka chini ya meza.
Niliinama kuiokota, nikachelewa kuinuka.