Daftari la Vipimo

Mimi siimbi. Sauti yangu, alisema Mwalimu Kaanaeli
siku ya kwanza, ni ya kuitia kuku.
Akanivalisha futi shingoni.

Tangu hapo kundi zima la opera limo humu,
kwenye daftari la mistari lililolowa chai:
kifua, kiuno, bega hadi kifundo cha mkono,
yote kwa penseli, maana watu hawatulii.

Mazoezi ni ghalani, palipokuwa pa kahawa,
nyuma ya reli. Vumbi la maganda halijahama,
sauti ya kwanza hukohoa kabla ya kupanda.
Kinanda kina fa moja iliyokufa.
Wakifika hapo wanaijaza wenyewe, kwa mdomo,
na mgeni hawezi kujua.

Ndeshimona ni malkia. Mchana anauza maziwa ya mgando Kiborloni.
Mimba yake niliijua kabla ya mumewe:
inchi moja Februari, moja na nusu Machi.
Sikusema. Niliacha akiba ya kitambaa ubavuni mwa gauni,
gauni lenyewe pazia la mtumba kutoka Memorial.
Alipoipapasa ile akiba, alinitazama.
Kesho yake nikakuta lita mbili juu ya cherehani.

Shekidele na Ombeni hawasalimiani
tangu zile fedha za Same zilizogawanywa gizani.
Wanaimba mapacha. Wanakumbatiana mara mbili kila onyesho.
Na kila mmoja, kwa wakati wake, ameniuliza chinichini:
"Koti la yule limekula mita ngapi?"

Halafu Eliakunda, besi,
mstaafu wa kiwanda cha magunia, mfalme wetu.
Mwaka wa kwanza, kifua arobaini na nne.
Mwaka juzi arobaini na moja.
Mwaka huu nilipima, nikapima tena,
nikidhani futi ndiyo iliyovutika:
thelathini na nane.

"Ngapi?"
"Ileile."
Nikaandika arobaini na nne. Kwa wino.

Usiku nikalipunguza joho,
inchi tatu kushoto, inchi tatu kulia.
Sikukata. Nilikunja tu, nikapitisha uzi mwembamba,
uzi wa kushikizia, ule usioapa.

Siku ya onyesho masika yalipiga bati
hadi Mwalimu akawa anapunga mikono kama mtu anayezama.
Sehemu ya pili, umeme ukaenda zake.
Vijana wa bodaboda wakasukuma pikipiki tatu hadi mlangoni,
wakawasha taa, na kivuli cha mfalme
kikapanda ukutani, kikapita dari.

Hapo ndipo anapotakiwa kumsamehe binti yake
kwa noti moja, ya chini kabisa.
Akavuta pumzi.
Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni.
Nikasikia: ta. Ta, ta.
Mkunjo wa kushoto, kisha wa kulia,
na joho zima likaachia.
Sijui pumzi ile aliitoa wapi.
Benchi tuliloketi wasaidizi lilitetemeka.

Baadaye alikuja jasho likimtiririka,
akajishika kwapani, akacheka.
"Bibie, lilinibana. Nimenenepa?"

Nikamwambia mwili ni wake, aulizwe mkewe.

Jumatatu nikalishona upya.
Uzi uleule mwembamba.