Ada Ameatamia

Kuku wangu wana majina ya madeni.
Yule mwekundu ni Luku: mayai yake ni umeme,
trei moja, taa mpaka mwisho wa mwezi
tukizima mapema.
Huyu wa madoadoa ni Maji.
Kodi alibebwa na mwewe mwezi wa tano,
mchana kweupe, nikiwa nimeshika ufagio,
na mwenye nyumba hakukubali mwewe kuwa udhuru.
Na yule mweusi, kishingo, shingo tupu
kama ya babu aliyenyolewa na wajukuu,
ndiye Ada.

Nilimnunua mnadani Msalato, Jumamosi ya vumbi.
Alipofika uani kwangu Nkuhungu
alisimama kwa mguu mmoja nusu ya siku,
kamba kwenye mguu wa pili,
akitazama ukuta wa tofali, beseni, simtanki,
kama mtumishi aliyeshushwa juzi na barua ya uhamisho
anayeuliza watu hapa wanaoga upepo wapi.
Nikamwambia: chakura.
Huku tunachakura.

Akachakura. Akataga.
Ndahani wa chipsi akayasifu mayai yake,
kiini cha rangi ya jua la Makutupora,
akaongeza shilingi hamsini kwa kila moja.
Muhula mzima Nyemo alisoma kwa mgongo wa kuku
na hakuna mwalimu aliyemrudisha nyumbani.

Sasa ni Julai. Upepo unapiga mabati,
shule zimefunguliwa,
Nyemo amekuja na karatasi ya michango,
chini yake mstari wa wino mwekundu,
na Ada
ameatamia.

Yuko nyuma ya tanki, ndani ya katoni ya sabuni,
amejivimbisha mpaka amekuwa kuku wawili.
Nikinyoosha mkono, ananidonoa.
Mimi! Niliyemchanja kideri,
tone moja jichoni, nimempakata kama mtoto wa kliniki!

Bwana Kisaka akachungulia juu ya ukuta:
"Mchovye kwenye maji, mama, mara tatu. Ataacha."
Maji yapi, baba?
Wiki ya pili hii bomba linakohoa hewa.
Ndoo nanunua, halafu nimwogeshe kuku?

Mama yangu, kule Mvumi, alikuwa na dawa yake:
unyoya mmoja, unapitishwa puani,
kuku anahangaika nao, anasahau kiota.
Nikachomoa unyoya. Nikamshika kichwa.
Jicho lake la rangi ya chungwa lilinitazama
bila kupepesa, bila hasira,
kama mtu aliyekatizwa katikati ya hesabu.

Nikautupa ule unyoya.

Nikamwongezea mayai ya Luku, na ya Maji,
yakatimia kumi na matatu.
Usiku ule tulikula mlenda kwa mwanga wa kibatari.
Kesho yake nikamfunga jogoo miguu.
Jogoo hakuwa na jina; jogoo alikuwa matumizi.
Sokoni Majengo walimpima kwa macho, wakanipunja,
lakini mstari mwekundu ukafutika.
Bwana Kisaka, aliyenilalamikia kwa mwenyekiti
kwamba jogoo wangu anamwamsha saa kumi,
alichelewa kazini siku mbili mfululizo.
Hakusema kitu. Nami sikuuliza.

Nikachora mistari ya mkaa ubavuni mwa tanki.
Ada alishuka mara moja kwa siku,
akanywa, akala pumba kwa pupa, akajikung'uta,
akarudi kabla kiota hakijamsahau.
Akakonda. Ile shingo ikawa uzi.
Na mimi, ninayeamka mara nne usiku
nikiwaza senti, nilimwonea wivu:
deni lake alikuwa amelikalia,
lina joto, lina siku maalumu.

Mstari wa ishirini Nyemo akalaza sikio kwenye katoni.
"Bibi," akanong'ona, "yai linaongea."

Tisa walitoka. Matatu yalikuwa viza,
na mmoja alipasua ganda akafia mlangoni;
huyo nilimfukia mwenyewe, chini ya mpapai,
mtoto akiwa shuleni.

Jioni Nyemo amechuchumaa, anahesabu kwa kidole.
Viatu, anasema. Sare. Daftari kubwa.
Huyu wa manjano awe Safari ya Mikumi.
Bibi, huyu mwenye shingo kama mama yake
tumwite nani?

Namwambia, subiri.
Waache kwanza wakauke.