Mpungate wa Mama

Si nkukuru. Nimewaambia watoto wa Katwe mara ngapi?
Nkukuru ukiuchanja hutoa maziwa,
maziwa yaliyomla jicho mjomba Thembo
akikata nguzo za zizi, mwaka ule wa ukame.
Huu ukiuchanja hutoa ute na maji,
na baada ya siku chache, kovu gumu kama ukucha.

Ulifika kwetu ukiwa mkono uliokatika.
Fuso la chumvi lilirudi kinyumenyume
likaugonga ule mkubwa, langoni mwa zahanati.
Mama akaokota kipande, akakivingirisha guniani,
akakilaza jikoni juu ya kuni.
Wiki tatu. Nikamwuliza, mbona hupandi?
Akasema: kidonda kibichi hakitiwi udongoni, kitaoza.
Baba alikuwa na mwezi mmoja kaburini.
Sikuuliza tena.

Leo umepita bati,
umepita na waya wa umeme unaowaka ukipenda.
Hauna jani hata moja. Majani yaligeuka miiba,
kijani chote kikahamia shinani,
shina ndilo linalokula jua.
Mbavu saba: nazihesabu kila nikianika nguo.
Kiangazi zinakonda, zinabanana,
katikati yake kidole changu kinazama chote;
mvua za Machi zikija zinatanuka
kama kinanda cha padri kikivutwa,
wala ngozi haichaniki.

Mchana kutwa umefumba vitundu vyake.
Hupumua usiku, jua likishalala.
Na mama hivyo hivyo:
saa kumi za alfajiri yumo ziwani,
maji ya chumvi kiunoni, mpira umefungwa mapajani,
avune kabla jua halijaamsha vidonda.
Mchana hufunga mlango. Usigonge.

Mwaka wa kumi na moja
ubavu wa mashariki ukatoa kifundo chenye manyoya,
kikarefuka, kikainama, kikawa na shingo ya bata.
Jioni moja nikamwona mama ameketi juu ya jerikeni,
koleo limeegemea ukuta.
Huendi?
Akanyosha kidevu tu.

Saa tatu likafunguka, jeupe,
pana kuliko sahani yetu ya wageni,
harufu ikaingia hadi chumba cha wapangaji.
Popo akaja. Akatumbukiza uso mzima,
akatoka na ndevu za njano.
Mama akacheka,
akacheka mpaka akashika mbavu,
na mimi sikujua niangalie ua au nimwangalie yeye.

Saa mbili asubuhi lilikuwa kitambaa kilicholowa.

Tunda lilikuja baadaye, jekundu, halina mwiba;
nyama yake nyeupe, mbegu kama ufuta,
tamu kidogo, si ya kusifia.

Juzi Kyakimwa, aliyefiwa na mwanawe,
ameomba kipande.
Mama amemkatia cha urefu wa mkono,
akamfungia gazetini,
akakaa ameshika ncha ile nyingine bila kuiachia:
"Usiupande leo."