Msimu wa Tano

Mwalimu Kaire,
nimepata barua yako juu ya binti yangu Säde,
aliyebisha mbele ya darasa kwamba mwaka una misimu mitano.
Umetoka Tallinn, hukosei: vitabuni ni minne.
Naandika jikoni, sare ya hospitali bado mwilini.
Hii ni rasimu ya nne. Tatu zimewasha jiko.

Nianze na majani, maana ndipo tulipopoteza lori.
Lori la Ott, jekundu, la plastiki, gurudumu moja bovu.
Oktoba ya mwaka juzi tulizikana kwa zamu
katika majani ya mbetula, mimi hadi kidevuni,
naye Ott akiniendeshea tumboni, honi kwa mdomo.
Kisha akaona uyoga mpana kuliko kofia yake
na lori likasahauliwa, kama sufuria motoni
mgeni akibisha hodi.

Kulipokucha, nchi ilikuwa nyeupe pe.

Tulilitafuta kwa fimbo za kuteleza, tukichoma theluji.
Villu wangu anajenga maghorofa ng'ambo, Ufini,
hurudi kwa feri kila Ijumaa ya pili,
glavu zimetoboka, na kabla hajala
huwasukuma watoto kwenye kiti cha vyuma
barabarani, mpaka majirani wazime redio wasikilize kelele.
Jua la Januari unalijua:
huchungulia saa tatu, huaga saa tisa, hata koti halivui.
Basi tulicheza kibe gizani, kila mtu na taa kichwani,
na anayejificha sharti azime.
Nimesimama nyuma ya msonobari, mikono kwapani,
nikisubiri kupatikana na mtoto wa miaka minne
aliyekwisha kusahau kwamba ananitafuta.
Nilitoka zamu ya usiku siku ile. Sikutaka anikumbuke upesi.

Halafu huo unaouulizia.

Theluji huyeyuka kwa pupa, na hapa kwetu Soomaa
ardhi ni bapa kama meza, maji hayana pa kukimbilia.
Yalivuka ukingo, yakaingia malishoni,
yakapanda ngazi ya kwanza ya sauna, ya pili, yakatulia.
Barabara ikaishia kwenye sanduku la barua.
Tukatoa mtumbwi: gogo moja, lililochongwa na kutanuliwa kwa moto,
mwembamba hata ukipiga chafya vibaya umeoga.

Villu alisimama na kasia. Tukaelea juu ya viazi,
juu ya ua, juu ya lango ambalo mtu alisahau kulifunga.
Säde akafunga kijiko kwenye uzi
akavua viazi vya mwaka uliopita.
Hakupata. Akavua tena.
Ott alilala kifudifudi, pua majini,
mimi nimemshika mkanda wa suruali,
na hakusema neno kwa muda ambao si desturi yake.
Kisha: "Lile pale."

Mita moja chini, katika nyasi zilizosukwa na mkondo,
lori jekundu, limeegeshwa vizuri kabisa,
kisamaki kwenye kiti cha dereva.
Villu akakunja mkono wa shati. Ott akamkataza.
"Mwache. Bado anaendesha."

Juni mbu waliamka na njaa ya miezi tisa,
jua likagoma kulala, nasi tukagoma nalo,
watu sita kwenye pembea ya kijiji hadi usiku wa manane.
Lori tuliliokota limekauka, tope ndani, nyasi zimeota.
Ott hakulisafisha. Limebeba mzigo, anasema.

Mimi ni muuguzi, Mwalimu, naheshimu namba.
Lakini leo asubuhi maji yamefika tena kwenye sanduku la barua,
na hii ataileta Säde mwenyewe, kwa mtumbwi
mpaka kwenye basi la shule.
Ikiwa na madoa, ni ya kasia.
Njoo Jumamosi, Villu atakuwepo.
Beba soksi za ziada, jozi mbili.
Na kama una mafua, tuambie kabla hujapanda.