Tendegu

Injini ya boti hukaa juu ya miguu minne.
Nilihesabu mitatu; wa nne ulikuwa mti
wa mvule, umelowa dizeli.
Fundi Shekuwe wa Barabara ya Nane akacheka:
"Hili tendegu, bwana. La kitanda."
Akakata tairi kuukuu la lori la mkonge,
akatoboa, akakaza nati, akasema: washa.
Chai yake juu ya kifuniko haikumwagika.

Tendegu nikalirudisha Chumbageni, kwa mjane aliyeniuzia.
Bi Mwanamkasi akalinusa.
"Alisema analiazima siku mbili tu.
Mwaka wa sita huu kitanda kinakanyaga tofali."

Tukainua, yeye huku, mimi kule.
Limepungua inchi moja, msumeno wa marehemu.
Mfukoni nilikuwa na kipande cha mpira.