Nyuzi Mbili

Julai imetubana mezani, huku Tassia,
sweta juu ya sweta,
na Kyalo ameitandaza ramani ya Norwe
juu ya kitambaa cha mama cha kufuma.
Pwani yake imechanikachanika
kama ukingo wa chapati ya anayejifunza.
"Humo ndimo meli inamopita," asema kaka,
"kila mpasuko inaingia. Mlima huku, mlima huku,
maji yametulia kama ya karai."

Siku nane, watu watano.
Akiba ya miaka sita mikononi mwa Wayua,
mweka hazina asiyecheka,
aliyemtoza faini hata mumewe
kwa kuchelewa siku moja, tena Krismasi.

Jumamosi tulishuka Gikomba kutafuta makoti.
Muuzaji akamwona mama akiyapima uzito kwa kiganja:
"Kwani mnahamia wapi, mama?"
"Tunaenda kutazama tu," akajibu,
akapunguziwa mia mbili.
Koti la Ndanu ni la kijani, kola imeshonwa jina,
herufi O imechomwa mstari kama mshikaki.
Mtoto fulani wa kule lilimkaza,
likafungwa robota, likavuka maji, likaamkia Gikomba.
Sasa tunalirudisha kwao
na mtoto mwingine ndani.

Maswali ni ya Ndanu: maji yakiganda, meli itanasa?
Barafu ya mlimani ina ladha gani?
Wayua auliza kama unga unaruhusiwa.
Mimi nimepewa kazi ya viza,
picha zisizotabasamu, barua za benki,
kuapa kwa maandishi kwamba tutarudi.

Habari za baridi tulimuuliza mama.
Miaka ishirini na miwili, zamu ya usiku,
katika chumba baridi cha uwanja wa ndege,
akipanga waridi masandukuni,
nyuzi mbili juu ya sufuri,
kiangazi, masika, hata siku ya kura.
Vidole vyake viwili havikunji mpaka leo.
Anajua: soksi mbili ni ujinga kiatu kikibana.
Gazeti likae kifuani. Usisimame mahali pamoja.
Chai inywe polepole, meno yasishtuke.
"Na baridi ina harufu," akasema. "Inanukia waridi."
Hatukumjibu. Tulikuwa tunajumlisha.

Chumba cha ndani ni nafuu,
chenye dirisha chaongeza laki na sabini.
"Dirisha la nini," akasema Kyalo, "na milima iko sitahani?
Tutapanda, tutazame, tushuke tulale."
Tukakubaliana sote,
yaani sote tulioulizwa.

Mama akaweka kiganja juu ya hesabu.

"Maua yaliondoka kila usiku.
Nikisikia ndege inanguruma, najua yale yangu yamekwenda.
Sikuwahi kuona hata moja ikipaa.
Ukuta ulikuwa bati, jeupe, huku na huku.
Baridi naijua, Kyalo, nimekaa tumboni mwake.
Laki na sabini itoke kwenye kiinua mgongo changu.
Mimi nataka dirisha."

Kaka akafuta kwa kidole, wino ukatambaa.
Wayua akafungua daftari
akaandika neno moja, akalipigia mstari,
kisha akajifanya anatafuta miwani
iliyokuwa usoni pake.
"Nani atalala upande wa kioo?" Ndanu akauliza.
"Tutapokezana. Nikikoroma, niamshe."

Ndege ya usiku ikapita juu ya mabati,
vijiko vikalia ndani ya vikombe.
Mama hakuinua macho.
Alikuwa amelilaza koti la kijani mapajani,
anashona kitufe kilichokosekana,
cheusi, hakifanani na wenzake,
na sindano ameitunga nyuzi mbili,
kisije kikatoka huko.