Mtama Usiovunwa

Saa kumi na moja alfajiri, Novemba, Wisconsin.
Naingia bandani na kreti la plastiki.
Kwale wananijua, hawakimbii.
Ni mimi niliyewanywesha tangu wana siku moja,
wadogo kama ndimu, wakilia chini ya taa.
Nahesabu kumi na wawili.
Ndivyo karatasi ya Bi Tollefson inavyotaka:
ndege kumi na wawili, wateja watatu,
mbwa wetu, saa tatu kamili.

Kuna namna ya kumlaza ndege.
Unamfutika kichwa chini ya bawa,
unamzungusha polepole, mara tano, mara sita,
unamweka majanini, ubavu chini,
na unaondoka bila kugeuka.
Anabaki pale, kalewa giza lake mwenyewe.
Siku ya kwanza nilidhani nimemuua.
Bi Tollefson akacheka: “Umemlaza tu.
Kuua si kazi yako.”

Mtama huu tuliupanda Juni.
Hakuna atakayeuvuna.
Umesimama mistari mistari, masuke yameinama,
theluji ya kwanza imeyapaka chumvi.
Ni pazia tu,
mahali pa ndege kujificha
ili apatikane.

Sijamwambia mama.
Akiuliza kwa simu, huko mnalima nini,
nasema mahindi.
Kule Singida, nina miaka minane,
nilishinda dunguni nikiamia ndege,
teo mkononi, mawe mfukoni, koo limekauka,
na jioni kila suke lililoliwa
lilikuwa na mtu wa kulijibia.
Sasa nalipwa kwa saa
kutia ndege ndani ya mtama.

Wamefika. Daktari wa meno kutoka Madison,
baba mkwe wake, na mwanawe, Everett,
miaka kumi na minne, bunduki bado yanuka dukani.
Dagny akashuka garini kwa tabu:
mvi mdomoni, nyonga moja mbovu.
Lakini akishapata upepo, uzee humwacha.
Akakata kushoto, akakata kulia,
akaganda:
mguu mmoja hewani, mkia sindano.
“Mtazame,” daktari akanong’ona, “anasoma hewa.”
Mimi niko nyuma na mfuko wa mizoga
na ninajua anachosoma.
Anasoma viganja vyangu.
Kila ndege nimemshika, kila jani nimelikanyaga.
Mara nyingine hugeuza shingo kidogo, akanitazama,
kama mwanafunzi aliyeulizwa swali
na mwenye jibu amekaa nyuma ya darasa.

Wa kwanza, wa pili. Wa tatu na wa nne kwa pamoja.
Manyoya yakaelea, yakachelewa kufika chini.

Wa saba hakuruka.
Alitoka mtamani kwa miguu,
akasimama mbele ya buti la Everett,
akadonoa kamba.
Alidhani ni wakati wa kula.
“Lazima aruke kwanza,” akasema babu.
“Msukume kwa mguu.”
Kijana hakumsukuma.
Dagny alikuwa bado ameganda, anatetemeka,
na yule ndege akavuka mstari wa bunduki taratibu,
akaja kwangu.

Wote wakanigeukia.

Nikapiga makofi. Nikasikia sauti ya dunguni
ikitoka kifuani bila kuniuliza:
hoo! hoo!
Akaruka.
Nikainama kufunga kiatu kilichokuwa kimefungwa.
Milio ilikuwa miwili. Bunduki zilikuwa tatu.

Mfukoni wakaingia tisa. Daktari akaacha bakshishi.
Everett alikwenda garini mapema,
akakaa na Dagny, mkono kwenye ile nyonga.

Magharibi, natupa maganda ya risasi,
nasikia sauti upande wa banda.
Kwale mmoja yuko nje ya wavu,
anatembea huku na huku akitafuta mlango,
na walio ndani wanamwitikia.
Sikuweza kujua ni yupi.
Nilimtazama muda mrefu,
nyuma yangu kuna ekari mia mbili na msitu, na giza.

Nikafungua.
Akaingia kwa miguu yake.

Kwenye karatasi, mstari wa Jumamosi,
nikaandika: mmoja.